Komeo la Upande Wetu

Arubaini ya Baba ilipokwisha, Mama alinipa ufunguo wa kasha la vifaa vyake akaniambia nichague vya kugawa na vya kubaki. Nililifungua nikiwa nimejitayarisha kwa vumbi na kutu. Kilichonipokea ni harufu ya msaji, nzito, kama ngozi mpya iliyopakwa mafuta, nami nikajikuta nimekaa chini ukumbini nimekishika kifuniko kwa mikono miwili. Harufu ya mbao tu haiwezi kuniangusha hivyo, kwani mtoto wa seremala hulala na maranda kwenye nywele. Lakini msaji mkavu wa zamani nimeunusa mahali pamoja tu maishani mwangu, nako ni Jeddah, katika wiki nne ambazo sikuwa na kingine moyoni isipokuwa wivu.

Chini kabisa, chini ya patasi, palikuwa na kipande cha kikoi kilichopigwa fundo. Ndani yake mlikuwa na komeo la chuma, urefu wake kama kiganja changu, bado limeng'ang'aniwa na kibanzi cha msaji. Nililijua kabla sijalifunua lote.

Nawasimulia jambo hili wenzangu wa rika moja, ambao wazazi wao nao walikwenda Uarabuni miaka ile ambayo kila mtaa ulikuwa na mtu anayesubiri viza, na ambao walijifunza, kama mimi, kumpenda mzazi kwa simu.

Kabla ya safari zote, Baba alikuwa na karakana yake uani kwetu, Unguja. Alikuwa akisema kwamba fundi kaumbwa na mikono miwili lakini kazi siku zote inataka mitatu: mmoja wa kushika, mmoja wa kupiga, na mmoja wa kumletea anachokitaka kabla hajakitaja. Mkono huo wa tatu nilikuwa mimi. Tangu nina miaka mitano nilijua tofauti ya patasi ya nusu inchi na ya robo, na akiniita mbele ya wateja haniiti kwa jina langu. Ananiita "mkono wangu wa tatu", na mimi hujitokeza nimevimba kichwa, na mtoto mwingine yeyote akisogelea benchi lake namsukuma.

Kisha Mama akapata kazi ya uuguzi Riyadh, akanichukua. Mwaka uliofuata Baba naye akapata kazi, lakini Jeddah, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka kwetu. Tukawa watu watatu katika miji miwili. Mimi na Mama tuliishi mtaa wa Shumaisi, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko, na kila Ijumaa baada ya swala Baba alipiga simu. Nilimngojea aniulize habari zangu. Aliniuliza, ndiyo, kisha akaanza kunieleza habari za wikio.

Wikio ni daraja la mbao lililofunikwa juu na pembeni, linalotoka ghorofani kwenye nyumba moja likavuka juu ya uchochoro hadi ghorofani kwenye nyumba ya pili. Mababu zetu walikuwa nayo, kwa ajili ya wanawake: unakwenda kwa jirani yako, unarudi, hujavaa buibui, hujakanyaga njia. Kwetu hata Baba mwenyewe alikuwa amebahatika kuona mabaki tu. Huko Jeddah, katika mji wa kale, kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini viza, alikuwa nalo zima kwenye nyumba ya mama yake, limeinama kidogo upande mmoja, na alimleta Baba aliponye bila ya kuling'oa. Baba alilisemea wikio lile kwenye simu kama watu wanavyomsemea mtoto mchanga. Leo limefanya hivi, jana limemtisha hivi. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwonea wivu daraja. Chekeni mkitaka.

Halafu Ijumaa moja nikasikia nyuma yake sauti ya mtoto wa kike, inacheka, tena inasema Kiswahili: "Fundi! Fundi, kuja uone!"

"Nani huyo?" nikauliza.

"Jumana. Mjukuu wa mwenye nyumba. Huyu sasa hanibanduki." Na akacheka. Daraja nililisahau papo hapo.

Shule zilipofungwa, Mama alikuwa na zamu mfululizo, akanipeleka Jeddah nikae na Baba. Baba alikuwa amepanga chumba Sharafiya, juu ya duka la simu, na usiku wa kwanza nililala nimemshika shati. Asubuhi tukaenda kazini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa namna nitakavyoingia.

Nyumba ilikuwa ndefu, nyembamba, na roshani za mbao za vitundu vitundu mbele. Aliyeishi ndani ni bibi mmoja tu, kila mtu akimwita Sitti, ambaye mwanawe, yule kafili wa Baba na baba yake Jumana, alimjengea nyumba kubwa mtaa wa Al-Safa akakataa kuhamia. Kwa sababu hiyo kila asubuhi dereva aliwaleta kutoka Al-Safa Jumana na mfanyakazi wao, Dada Mwikali, Mkamba wa Kitui, ili Sitti asishinde peke yake. Dada Mwikali ndiye aliyemlea Jumana tangu anatambaa, na ndiye aliyemtia Kiswahili. Kiswahili chenyewe cha "kuja ukule" na "si ungoje", ambacho mimi Mzanzibari nilikisikia kama mtu anakanyaga vyombo.

"Ehe, Zanzibar amefika!" Dada Mwikali alisema aliponiona, na tangu siku ile hakuniita kwa jina jingine. "Kuja hapa nikuone. Uko sawa na msichana yangu wa home, hata hii meno ya mbele ni kama yake. Fundi, huyu umefanana naye sana!"

Nikampenda kwa maneno hayo, mtu wa kwanza Jeddah kusema kwamba mimi na Baba tumefanana.

Tulipanda ghorofani. Mlango wa wikio ulikuwa wazi, na ndani yake mwanga uliingia kwa vitundu ukamwagika sakafuni vipande vipande. Baba akapiga magoti kwenye mbao, akaliweka sikio lake karibu na boriti, akanyoosha mkono nyuma bila ya kutazama.

"Haya, mkono wangu wa tatu, patasi."

Nikageuka kuitafuta. Nilipoipata kwa macho, ilikuwa imeshafika. Jumana alikuwa ameiweka katika kiganja chake, upande wa mpini, kama nilivyofunzwa mimi, naye anatabasamu kwa pengo lake la meno. Baba hakujua hata kwamba amekosea. Aliendelea na kazi.

Sijui niwaambie vipi hali ile. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kwa basi kuja kukuta mtu amekaa mahali pangu, tena mahali penyewe pamempendeza. Na ubaya wa Jumana ni kwamba hakuwa mbaya. Alinigawia biskuti zake. Alitaka kunisuka. Alinionyesha penseli ya Baba aliyopewa, ile bapa nyekundu ya mafundi, akaniambia, "Tutatumia sisi wawili, sawa?" Nikamwambia mimi ninazo kumi. Sikuwa nayo hata moja.

Ilikuwa desturi ya mahali pale kwamba baada ya chakula cha mchana Sitti huomba kahawa, na akishaipata husimulia, na Dada Mwikali humtafsiria yeyote asiyejua Kiarabu. Siku ya tatu au ya nne alisimulia habari za wikio. Alilijenga baba wa bibi yake, alisema, kwa ajili ya binti zake wawili walioolewa nyumba zinazotazamana, wasikose kuonana. Wikio lilikuwa na milango miwili, mmoja kila mwisho, na kila mlango una komeo lake upande wa nyumbani. Ndiyo adabu yake: hakuna anayevuka mpaka nyumba zote mbili ziwe zimeridhia. Miaka ya mwanzo makomeo yalikuwa hayafungwi hata wakati wa kulala. Kisha mkubwa, bibi yake Sitti, akaona kwamba baba yao akija kuwatazama hupitia kwanza kwa mdogo wake. Hunywa kahawa kule, hucheka kule, akija huku ameshachoka. Siku moja akalisukuma komeo la upande huu. Akasema atalifungua baba yao akija kwake kwanza.

"Akaja?" nikauliza.

Dada Mwikali akauliza, kisha akanijibu, "Anasema baba yao hakujua. Hakuna mtu alimwambia. Akakufa."

"Na mdogo wake?"

Hilo alilijibu Baba, aliyekuwa ameegemea mlangoni na kikombe chake. Alituita tukasimama naye ndani ya wikio, akatuonyesha kwa kidole cha mguu. Zile boriti za chini, alisema, ni za mikoko, mtu akimuuliza yeye atasema zimetoka kwetu, zimekuja na majahazi ya zamani. Mbao za juu ni msaji. Katikati zilikuwa hazijalika sana. Lakini mbele ya mlango wa upande wetu, upande wa ndani ya wikio, ubao mmoja ulikuwa na bonde, laini kabisa, la nyayo mbili.

"Mtu anayepita halili ubao hivi," Baba alisema. "Huyu alikuwa akisimama. Amekuja mpaka hapa, amekuta pamefungwa, akasimama. Siku nyingi. Na komeo la kule kwake nimelitoa mlangoni nikalitazama. Halina mkwaruzo hata mmoja. Yeye hakufunga kamwe."

Jumana akaziweka nyayo zake kwenye lile bonde, akasema, "Maskini." Wakubwa wote wakamtazama kwa huruma, na Baba akampapasa kichwa. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Nilikuwa nafikiri kwamba bibi yake Sitti alikuwa na haki.

Wiki ya nne kazi ilikaribia kwisha. Nyumba ya upande wa pili haikuwa na watu, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa kule. Baba alikuwa ameyasafisha makomeo kutu, akalitia la upande wetu grisi nyeusi likawa linateleza kwa kidole kimoja. Kilichobaki ni mbao mbili za katikati ya sakafu, alizozitoa ili aikaze boriti, na kipande kimoja cha vitundu dirishani. Kipande hicho alikichonga kwa siku mbili. Mimi nilijua kitatiwa na nani. Kwetu, kila kazi ikimalizika, kipande cha mwisho hutiwa na mkono wa tatu. Ndivyo ilivyokuwa kwa milango, kwa vitanda, hata kwa susu ya kumlaza mtoto wa shangazi yangu.

Asubuhi ya siku ya mwisho Baba alikiinua juu kipande kile, akakipuliza unga, akasema, "Baada ya adhuhuri, Jumana, utatia wewe. Nyumba ni ya bibi yako." Kisha akanigeukia. "Wewe utamshikia misumari."

Adhuhuri ilipoadhiniwa akaenda kuswali. Dada Mwikali alikuwa jikoni na feni imewashwa, anamwandalia Sitti chakula. Jumana akaingia kwenye wikio na penseli yake, kwenda kupima mahali patakapokaa kipande chake. Alikuwa anaimba. Nikaushika mlango, nikaurudisha polepole, nikalisukuma komeo. Liliteleza kwa kidole kimoja, kama Baba alivyolitaka.

Nilikusudia iwe kidogo tu. Nilitaka asimame pale kwenye bonde, ahisi kidogo ninavyohisi mimi. Alibisha, akacheka, akadhani tunacheza. Akabisha tena. Kisha akaanza kuita, na laiti angemwita Dada Mwikali, au bibi yake, huenda ningefungua. Aliita, "Fundi! Baba Fundi!" Nikaondoka mlangoni. Nikashuka chini nikakaa chumbani kwa Sitti, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, na nikamsikiliza akinieleza kitu kwa Kiarabu huku nikitikisa kichwa. Baadaye juu pakawa kimya. Nikajiambia amenuna. Nilijua joto la mchana wa Jeddah lilivyo, na nilijua mbao mbili zimetolewa. Sitajisingizia kwamba nilisahau.

Aliyefungua ni Baba, aliporudi msikitini. Nilisikia mbio zake, nikasikia ukelele wa Dada Mwikali. Jumana alikuwa amerudi kinyumenyume, mguu umeingia kwenye pengo la sakafu ukabanwa na boriti, na joto limemwangusha. Midomo yake ilikuwa imekauka na mguu umevimba, lakini alikuwa anapumua, na maji yalipompata akafumbua macho. Baba alimbeba hadi kitandani kwa Sitti. Kisha akapanda tena peke yake, akakaa huko kidogo, akashuka, akanishika mkono akanipeleka bombani. Huko nitarudi.

Mtoto wa Sitti, kafili wake Baba, alifika kutoka Al-Safa baada ya muda mfupi. Sikujua mtu anaweza kuwa mweupe vile kwa hasira. Hakumtazama Baba. Alikwenda moja kwa moja kwa Dada Mwikali, kwa sababu kumwangalia Jumana ndiyo kazi iliyomleta kwao.

"Mafi ana, si mimi, bosi," Dada Mwikali alikuwa akisema. "Wallahi mafi ana. Nilikuwa jikoni. Bosi, please."

Maneno niliyoyaelewa ni "ofisi", ile ya wakala aliyemleta, na "Riyadh" na "leo". Wakaingia chumba cha pili, Baba akawafuata, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye ngazi. Nilisikia sauti ya Baba, ndogo, ya kuendelea, kisha "halas" moja kubwa ya bosi, yaani basi, yamekwisha.

Baba alipotoka alisema, "Chukua mfuko wako. Tunakwenda."

"Kazi imekwisha?"

"Kwangu imekwisha."

Dada Mwikali alitukimbilia mlangoni. Aliushika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili, uso umelowa. "Fundi, Mungu akubariki. Msichana yangu hatatoka shule. Mungu akubariki." Akanikumbatia na mimi, akanitilia biskuti za Jumana mfukoni kwangu. Nilidhani analia kwa sababu tunaondoka. Nilidhani pia, na hapa ndipo ninapojionea haya hadi leo, kwamba Baba amechukia Jumana kuvuruga sakafu yake, kwamba ameamua, kwamba baina yetu sisi wawili amenichagua mimi.

Kila kilichofuata kilinithibitishia hivyo. Mwezi haukwisha, Baba alikuwa amerudishwa Unguja, na mimi pamoja naye, Mama akabaki kumaliza mkataba wake. Nilikuwa naye asubuhi na jioni. Alitengeneza vitanda na makabati ya jikoni, na kila aliponyoosha mkono nyuma, aliyekuwapo ni mimi. Wikio hakulitaja tena, wala kazi ya Uarabuni hakuipata tena, maana kafili alikuwa ameandika alichoandika. Watu walipomuuliza mbona karudi mapema, alisema joto limemshinda. Mimi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Nilishinda, na zawadi niliyoipata ilikuwa inapiga randa uani kwetu.

Siku ile niliyofungua kasha nilimpelekea Mama lile komeo chumbani kwake, nikamwekea mapajani.

"Alilitoa mlangoni siku ile ile," alisema. "Alinipigia simu kutoka Sharafiya. Aliniambia grisi ilikuwa na alama za vidole, vidogo, na mtoto mwingine alikuwa ndani. Akaling'oa, asije mtu mwingine akaziona. Akamwambia bosi kwamba yeye ndiye aliyefunga wakati anakwenda kuswali, hakutazama ndani. La sivyo wangemrudisha kwao yule mwanamke."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwambia akwambie. Kila mwaka nilimwambia. Alisema anangoja umwambie wewe."

Miaka yote ile. Alikuwa akinyoosha mkono nyuma, mimi nampa patasi, na yeye anangoja kitu kingine. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa wakati mwingine akisimama karibu na mlango wa chumba changu, na mimi nikimuuliza "Baba, wataka nini?" akijibu, "Sitaki kitu," akaenda zake.

Nilisema nitarudi bombani. Bomba lilikuwa uani kwa Sitti, chini ya ngazi. Baba alichuchumaa mbele yangu, akanitilia sabuni ya unga viganjani, akaanza kuniosha mikono. Aliosha kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, baina ya vidole, maji yakishuka meusi mpaka yakawa safi, na hakunitazama usoni. Alipomaliza alinikausha kwa ncha ya kikoi chake. Akaushika mkono wangu wa kulia ndani ya wake, akasema polepole, "Mkono wangu wa tatu huu."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo wiki nne. Niliinua macho kwenye dirisha la chumba alimolala Jumana, nikafurahi kwamba yeye hakuna aliyemwosha.